Nimeacha kahawa, nimehamia chai ya uyoga: wiki sita za mtoto wa Mbozi

Buni Mbichi

Wakuu, salaam. Uzi una maelezo, mwenye haraka aruke aende kwenye maswali chini.

Mimi ni mtoto wa buni. Nimezaliwa Mbozi, ada yangu ya sekondari imetoka kwenye kahawa ya maganda, na mpaka leo msimu ukifunguka mimi ndiye nashika daftari la mizani kwenye chama chetu cha msingi. Lakini nyumbani hatukuwa wanywaji. Kahawa ilikuwa ya kuuza, sisi tulikunywa chai ya rangi na viazi. Mliotoka huku mnanielewa.

Kahawa nimeijua ukubwani, baada ya kuhamia Mbeya mjini, na nikaingia kwa pupa kama mtu anayedai deni. Kikombe cha kwanza saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu baridi ya huku mwezi wa sita haina adabu. Cha pili saa nne. Cha tatu baada ya chakula cha mchana. Cha nne jioni, na hicho ndicho kilikuwa kitamu kuliko vyote, maana kilikuja na stori za mpira.

Mwezi wa tano mwili ukagoma. Nalala saa tano, nakodoa macho dari mpaka saa tisa usiku, moyo unadunda kama mashine ya kukoboa. Asubuhi nimechoka, nakunywa ili niamke, usiku silali kwa sababu nilikunywa. Nikaenda kupima, presha ikakutwa imepanda kidogo. Tabibu akaniuliza swali moja tu: "Vikombe vingapi kwa siku?" Nikajibu. Akaweka kalamu chini.

Nikaacha siku hiyohiyo. Msije mkafanya hivyo. Siku ya pili kichwa kilinipasuka, nikadhani malaria, nikapima, hamna kitu. Siku tatu nilikuwa mkali kiasi kwamba mke wangu aliwapeleka watoto kwa shangazi yao.

Hapo ndipo uyoga ukaingia. Jamaa mmoja tunayesali naye akaniletea "kahawa ya uyoga", boksi mbili. Akaapa haina kafeini kabisa, ni uyoga mtupu kutoka China, unasafisha damu. Nikanywa wiki mbili. Kichwa kikaacha kuuma siku ya kwanza tu, nikasema huu uyoga ni kiboko. Usingizi lakini hola. Siku moja umeme umekatika, nina tochi ya simu mkononi na sina cha kusoma, nikasoma boksi. Viungo vimeandikwa kwa maandishi ya kuwaonea wazee: sukari, krimu ya unga, kahawa ya unga, na mwisho kabisa, unga wa ganoderma, ndilo jina la kitaalamu la huo uyoga. Yaani nilikuwa nakunywa kahawa ileile niliyoikimbia, imevaa kofia ya uyoga.

Sikukata tamaa. Nikaagiza Dar uyoga wenyewe uliokaushwa, vipande vyekundu-kahawia vigumu kama ganda la mti. Unaitwa reishi kwa Kijapani, Wachina wanauita lingzhi. Nachemsha vipande vitatu vinne kwenye sufuria ya maji, moto mdogo wa mkaa, saa moja na nusu hivi, naweka tangawizi na kijiko cha asali. Rangi inatoka kama chai kavu. Ladha? Uchungu. Ni mdogo wake mwarobaini. Lakini ni uchungu unaojibu kitu fulani ambacho chai haijibu, na ukiwa na kikombe cha moto mkononi asubuhi ya ukungu, mwili unadanganyika.

Sasa ni wiki ya sita. Nalala saa nne, naamka kumi na moja bila kengele. Presha imeshuka. Ila najiuliza: ni uyoga umefanya hivi, au ni kule kuacha kahawa tu? Mimi nadhani kazi kubwa imefanywa na kuacha.

Maswali: nani mwingine ametumia? Kuna madhara gani? Na kuna anayelima huku kwetu, nisiwe naagiza Dar kila mara?

Nawasilisha.

Kijana wa Ipogolo

Mtu wa Mbozi kuacha kahawa ni sawa na Mhehe kuacha ulanzi. Kikao cha ukoo kinakuhusu mkuu.

Sista Sokomatola

Uyoga unachemshwa halafu unakunywa maji yake? Kwetu uyoga unaungwa karanga unakula na ugali. Hayo maji tunamwaga 😂

Buni Mbichi

Dada yangu, huu hauliki. Ukiuuma jino linabaki. Ni kama kutafuna kandambili.

Mtandao Tajiri

Habari ndugu. Pole kwa changamoto uliyopitia, inawezekana ulipata bidhaa isiyo halisi. Ganoderma ni mfalme wa mimea, imetumika China kwa zaidi ya miaka 2000. Ile yetu si dawa na si kahawa ya kawaida, ni lishe. Inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, uvimbe, maumivu ya mgongo, na inarudisha heshima ya ndoa. Pia ni fursa, ukiwaleta watu watatu chini yako unaanza kulipwa. Karibu faragha.

Kijana wa Ipogolo

Si dawa, halafu inatibu presha. Mkuu chagua moja.

Sista Sokomatola

Na uyoga si mmea, kaka. Hata mwanangu wa darasa la tano anajua uko kwenye kundi la fangasi.

Mfamasia wa Kanda

Nimesoma nikaona niweke mambo mawili matatu, maana hapa kuna mtu anaweza kujiumiza.

Kwanza kafeini. Mwilini kuna kemikali inaitwa adenosini, inajikusanya mchana kutwa na kukaa kwenye viti vyake ubongoni, ndiyo inayokufanya usinzie jioni. Kafeini ikiingia inaweka begi kwenye kile kiti, kama abiria wa basi la Tunduma anayemshikia nafasi mwenzake. Adenosini inabaki imesimama. Uchovu haujaondoka, umekosa pa kukaa tu. Begi likitolewa, wote wanakaa kwa mpigo.

Na begi haliondoki haraka. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini hubaki baada ya saa tano hivi. Buni Mbichi, kikombe chako cha saa kumi jioni tuseme kilikuwa na miligramu 100. Saa tatu usiku bado una 50. Saa nane usiku unazo 25. Halafu unashangaa dari. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka ukomo wa miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Wewe ulikuwa unagusa dari hilo lingine.

Kichwa kuuma ni kawaida kwa anayeacha ghafla. Huanza kati ya saa 12 na 24, na hali hiyo inaweza kudumu siku mbili mpaka tisa. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, hutapeleka watoto kwa shangazi. Na ile "kahawa ya uyoga" ilikutuliza siku ya kwanza kwa sababu ilikurudishia kafeini. Mlevi akipewa bia asubuhi naye anasema bia ni dawa.

Sasa uyoga. Reishi haina kafeini, hilo kweli. Je, inatibu? Jopo la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya watu wote na kuyapima pamoja, lilichunguza reishi kwa saratani na likaona ushahidi hautoshi kuifanya tiba ya kwanza. Likachunguza pia reishi kwa mambo yanayoleta ugonjwa wa moyo kwa wenye kisukari, nako halikupata ushahidi wa kuitetea. Simaanishi kwamba hamna kitu ndani yake. Kuna sukari ndefu zinaitwa betaglukani, zinachochea chembe za kinga, na kuna vitu vichungu vinaitwa triterpeni. Ila kutoka "inachochea chembe kwenye maabara" mpaka "inatibu mjomba wangu" kuna safari ya Mbeya mpaka Mtwara kwa miguu.

Madhara. Ukiwa unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, usiiguse bila kumwambia daktari, kuna tahadhari ya kutokwa damu. Ukiwa kwenye dawa za presha au sukari, tahadhari pia, vinaweza kushuka kupita kiasi. Kuna watu waliopata matatizo ya ini kwa kutumia unga wake. Mjamzito na anayenyonyesha, waache. Anayesubiri upasuaji, aache mapema na aseme.

Buni Mbichi

Mfamasia, ubarikiwe. Dawa za presha sijaanzishwa, niliambiwa nirudi baada ya miezi miwili. Nitasema.

Mama Wawili Tukuyu

Ugonile wanangu. Mimi nauza chai ya viungo hapa stendi, nimesoma mpaka mwisho.

Mnahangaika na uyoga wa China, Wasabato wametutangulia miaka yote. Wao kahawa hawanywi, majani ya chai hawanywi, na asubuhi wana kikombe cheusi cha moto kama nyie. Ni soya. Unachambua, unaosha, unaanika ikauke kabisa, unakaanga kwenye chungu au kikaango kikavu kwa moto wa wastani huku unakoroga bila kuacha. Ikifika rangi ya kahawia nzito na harufu imejaa nyumba, toa. Ukichelewa dakika mbili inakuwa mkaa. Saga. Kijiko kimoja cha unga kwenye maji yanayochemka, acha itokote kidogo, chuja. Wengine wanachanganya na ngano iliyokaangwa, inapunguza ule utamu wa maharage. Haina kafeini hata chembe.

Na nyie mnaosema "nimeacha kahawa nakunywa chai", majani yetu haya ya Rungwe yana kafeini. Ni kama nusu ya kahawa kwa kikombe, lakini ipo. Mtu anakuja kwangu saa mbili usiku, "mama nipe chai ya rangi nikalale". Ulale wapi? Mchaichai ndio hauna. Kakao ya Kyela nayo inayo kidogo.

Sista Sokomatola

Mama shikamoo. Hapo kwenye kakao umenivunja moyo.

Mama Wawili Tukuyu

Marahaba mwanangu. Kunywa mchana.

Fundi Msumeno

Wakuu, mimi niko Mafinga kwenye mbao. Huo uyoga mwekundu mgumu unaong'aa kama umepakwa vanishi nimeuona mara nyingi kwenye visiki vya miti ya asili. Juu kahawia, pembeni mweupe, chini una vitundu vidogo vidogo. Ukigonga unalia ko ko. Siyo kwenye misindano, kwenye miti ya asili. Kama ndio huo, nina gunia zima naweza kupata kwa wiki. Nianze kuchemsha au nianze kuuza?

Mbena wa Lupembe

Kamwene fundi. Usianze chochote.

Mimi nimelelewa na bibi muokota uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha tulikuwa tunatoka na vikapu alfajiri, kabla jua halijaulainisha na kabla majirani hawajaamka, maana kila mtu ana vichuguu vyake na havitajwi hadharani. Uyoga wa kichuguu ndio mfalme. Upande wa Zambia kuna jamii yake ambayo kofia yake inafika mita moja, mtoto anajikinga mvua. Unaokota, unachemsha, unaunga karanga, nyama inakaa pembeni. Na mpaka leo ukipita barabara ya TANZAM wakati wa masika utaona watoto wameshika vikapu pembeni ya lami.

Lakini bibi alikuwa na sheria moja: huokoti usichokijua kwa jina. "Unafanana na" halikuwa jina. Ukimletea uyoga ukasema unafanana na ule wa jana, anautupa na kapu lote anamwaga, kwa sababu kipande kimoja kimeshagusana na vingine.

Nilikuwa darasa la sita, familia moja kijiji cha jirani ilipika uyoga mweupe mzuri sana. Wakalala vizuri. Asubuhi wakaanza kutapika na kuhara, mchana wakapata nafuu, watu wakasema ni tumbo tu. Siku ya tatu macho yakawa ya njano. Tulizika wawili. Uyoga ule haukuwa mchungu, walisema ulikuwa mtamu.

Nimeandika haya kwa sababu ya maneno ya mtaani. "Ukiona konokono ameula ni salama." Si kweli. "Ukiuchemsha na kitunguu kisibadilike rangi ni salama." Si kweli. "Moto unaua sumu." Sumu ya jamii ya Amanita, ukoo wenye uyoga unaoua, haifi kwa moto, haifi kwa kukausha.

Mfamasia wa Kanda

Nakazia hapa kwa Mbena. Dalili za sumu hiyo huchelewa, saa 6 mpaka 24 baada ya kula. Kisha inakuja nafuu ya uongo, na wakati huo ini linakufa kimya kimya. Aliyekula uyoga wa mashaka aende hospitali hata kama anajisikia vizuri, na abebe mabaki ya uyoga wenyewe.

Fundi Msumeno

Nimeelewa wakuu. Lakini wa kwangu siyo mweupe laini, ni mgumu kama mbao.

Uyoga Uyole

Fundi, nikujibu mimi, nalima mamama, uyoga wa kula, hapa Uyole mwaka wa nne sasa.

Ulichokiona inawezekana kabisa ni jamii ya ganoderma. Ganoderma si uyoga mmoja, ni ukoo mkubwa, na Tanzania upo. Uyoga mgumu wa kwenye visiki haujulikani kuua kama zile Amanita. Lakini "ni wa ukoo ule" si sawa na "ni ule". Hakuna aliyepima wa kisiki chako una nini ndani. Halafu uyoga ni sifongo, unanyonya metali nzito na kemikali zilizopo mahali ulipoota. Kisiki cha kando ya barabara kuu au karibu na mti uliopigwa dawa, hapana.

Hata wa dukani usiamini lebo. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kupima bidhaa 19 za reishi zilizokuwa zinauzwa Marekani, 5 tu ndizo zilikutwa na kile kilichoandikwa. Na hiyo ni Marekani. Sehemu ya tatizo ni hivi: kuna wanaouza uyoga wenyewe, lile tunda, na kuna wanaootesha nyuzi za uyoga kwenye nafaka halafu wanasaga vyote pamoja. Unanunua unga wa mtama kwa bei ya dawa. Tone la iodini linasaidia. Likigeuka bluu nyeusi, kuna wanga mwingi humo. Kwa hiyo Buni Mbichi kununua vipande vizima alifanya vyema, kipande hakidanganyi kirahisi.

Kuhusu kuchemsha muda mrefu, yuko sahihi. Ukuta wa chembe ya uyoga umejengwa kwa kitini, kitu kilekile cha ganda la mende. Maji ya vuguvugu hayafungui. Wanaomwaga unga mkavu wa uyoga kwenye maziwa wakakoroga, wanakunywa vumbi.

Kulima huku? Nimejaribu reishi mara mbili. Inataka joto, nyuzi 25 mpaka 30 muda wote. Uyole usiku wa mwezi wa saba mimi mwenyewe nalala na blanketi mbili. Mifuko ilikaa miezi, nyuzi zikatambaa polepole kama konokono, kisha ukungu wa kijani ukaingia ukala vyote. Kyela kule chini ziwani ndiko kungefaa. Na pumba za mbao lazima ziwe za miti ya majani mapana. Fundi, pumba za Mafinga karibu zote ni msindano, zina utomvu, uyoga hauzipendi. Wenye pumba za miti mingine mnitafute.

Uyoga ambao ungeipenda Mbeya ni ule mweupe wenye manyoya yaliyoning'inia, kitaalamu Hericium, Wazungu wanauita manyoya ya simba. Huo unapenda ubaridi. Hauna uchungu, unalika kama nyama, na mchuzi wake ni mtamu. Japani mwaka 2009 walitoa majaribio ya watu 30 wenye umri wa miaka 50 mpaka 80 waliokuwa wameanza kusahausahau. Waliopewa unga wake kwa wiki 16 walipata alama nzuri kuliko wenzao kwenye vipimo vya kumbukumbu, na walipoacha, baada ya wiki nne alama zikaanza kurudi chini. Watu 30 ni wachache, ni basi dogo moja, siwezi kukuuzia kwa hilo. Lakini angalau mboga unapata.

Kijana wa Ipogolo

Na ule mweusi unaitwa chaga? Nimeona mtu anatangaza "chaga ya Kitulo, imevunwa kwa mikono".

Uyoga Uyole

Chaga inaota kwenye mti wa mbirchi, kwenye misitu ya baridi kali: Urusi, Finland, Kanada. Wafini waliinywa badala ya kahawa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kahawa ilipokosekana. Kitulo kuna maua na okidi. Mbirchi hakuna. Huyo kavuna mkaa.

Mfamasia wa Kanda

Na hata ikiwa halisi, iendee polepole. Chaga ina oksaleti nyingi sana, kemikali inayotengeneza mawe kwenye figo. Mwaka 2014 Japani iliripotiwa habari ya mama wa miaka 72 mwenye saratani ya ini, alitumia unga wa chaga vijiko vya chai 4 hadi 5 kila siku kwa miezi sita. Figo zikafeli. Mwenye tatizo la figo au mawe kwenye figo asiiguse.

Mtandao Tajiri

Naona watu wana mtazamo hasi sana humu. Maskini hubaki maskini kwa sababu ya kupinga. Bidhaa zetu zimesajiliwa.

Mfamasia wa Kanda

Zimesajiliwa kama nini? Tangu mwaka 2019 chakula kiko chini ya TBS, dawa na vifaa tiba viko TMDA. Tiba asili kuna Baraza lake, kwa sheria ya mwaka 2002. Kikiwa chakula, uza kama chakula na usiseme kinatibu sukari. Nina mteja aliyeacha metformini, dawa yake ya sukari, miezi mitatu kwa ajili ya boksi kama hizo. Alirudi na kidonda cha mguu.

Mtandao Tajiri

Kila mtu na imani yake. Siku njema.

Sista Sokomatola

Amekimbia kabla sijamuuliza bei.

Buni Mbichi

Mkuu wa Uyole, umenikumbusha kitu. Kule Mbozi maganda ya kahawa tunayamwaga rundo kwa rundo, yananuka mto mzima. Nilisikia yanaweza kuoteshea mamama. Ni kweli?

Uyoga Uyole

Kweli kabisa, mamama inakula karibu kila kitu: majani ya ngano, mabua, maganda ya maharage, ya kahawa pia. Ila sikiliza kituko. Maganda ya kahawa yana kafeini. Uyoga unaivunja sehemu tu, na Brazil walipoupima uyoga uliooteshwa kwenye maganda hayo wakakuta kafeini imepanda mpaka kwenye uyoga wenyewe. Kwa hiyo ukilima wa kwako Mbozi, ukala usiku, ukakosa usingizi, usije kufungua uzi mwingine hapa.

Kijana wa Ipogolo

😂😂 Kahawa inamfuata mpaka kwenye mboga. Ukoo umemkataa kuachika.

Buni Mbichi

Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mrejesho, wiki mbili zimepita tangu nifungue uzi. Nimefanya jaribio la kienyeji. Wiki moja sikugusa uyoga kabisa, nilikunywa soya ya Mama Tukuyu asubuhi na mchaichai usiku. Usingizi uleule. Kwa hiyo nimejijibu: uyoga haukunilaza, kahawa ndiyo iliyokuwa inaniamsha. Reishi nimebakiza ya Jumamosi, kwa sababu nimeuzoea ule uchungu na soya haina. Mke wangu anasema nyumba inanuka kama stoo ya mbao. Mamama nitaanza mwezi wa kumi na moja, kwenye mabua.

Mama Tukuyu, ndaga fijo, asante sana. Nimekaanga mwenyewe, mara ya kwanza niliunguza.

Mama Wawili Tukuyu

Nilisema dakika mbili.

Sista Sokomatola

Na zile boksi za jamaa wa kanisani ulizitupa? Wewe ulipewa mbili.

Buni Mbichi

Hapo sasa. Boksi moja na nusu zilibaki. Kabla sijasoma maandishi nilikuwa nimeshampelekea mzee wangu Mbozi. Mzee ana miaka sabini na mbili, ana ekari tatu za kahawa, na maisha yake yote hajawahi kunywa kahawa, anasema ni kitu cha Wazungu. Juzi kanipigia saa kumi na nusu alfajiri. Yuko shambani anapogolea miti kwa tochi. Anasema tangu aanze ule uyoga amerudi ujana, usingizi wenyewe hauhitaji tena, na nimtafutie boksi nyingine tano.

Mfamasia wa Kanda

Mwambie leo. Na muulize presha yake mara ya mwisho ilipimwa lini.

Buni Mbichi

Naenda Jumapili na mashine ya kupimia, nimeazima. Mama Tukuyu, nifungie soya kilo mbili iliyosagwa, naipitia Jumamosi jioni stendi.

Mama Wawili Tukuyu

Njoo kabla ya saa kumi na mbili, nafunga mapema. Ya baba nitaikaanga nzito zaidi, aone imekuwa nyeusi.